Usipige Dawa Bado: Kusoma Madoa ya Majani kwenye Vayoleti

(Hotuba kwa wauza miche na wapenda maua wa Tanga, imeandikwa upya kwa wasomaji)

Waungwana wa Tanga, wauza miche wa kando ya barabara, akina mama mnaolea vyungu vyenu barazani, na nyinyi vijana mlioingia kwenye biashara ya maua juzijuzi, asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Tunazungumzia ua la kwetu. Vayoleti ya Afrika, ambayo wengi mnainunua kama ua la Kizungu lililofungwa utepe, ni mmea wa mwitu wa mkoa huu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani aliyekuwa hapa Tanga, aliuona porini akampelekea baba yake Ujerumani. Baba naye akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, na mwaka 1893 Wendland akautangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Wataalamu wa uainishaji waliuhamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus mwaka 2015, ila wakulima wa maua hawakujali sana, wanaendelea na jina la zamani.

Kwao porini vayoleti hukaa kwenye nyufa za mawe yenye kivuli, kuanzia mawe ya chokaa ya upande wa Amboni na bonde la mto Sigi, mlima Tongwe, hadi misitu ya Usambara Mashariki huko Amani. Mizizi yake ni mifupi, imeshika kuvumwani (ule umanyoya wa kijani unaoota juu ya mawe yenye unyevu) na kwenye majani makavu yaliyooza. Maji hupita, hayatuami. Jua halimpigi usoni, linampata vipande vipande likishachujwa na miti. Jani lake ni nene, limejaa maji, na lina manyoya yanayoshika tone likae mahali pamoja kwa muda mrefu. Yote tutakayosema leo yanatokana na hayo: mmea wa ufa wa jiwe umetiwa kwenye kopo la plastiki, umewekwa dirishani Ngamiani hapa mjini, na unamwagiliwa maji ya kisima.

Kila kaskazi na kila masika tunaletewa majani yenye madoa, yamekunjwa kwenye kipande cha gazeti, na swali huwa ni lilelile: nipige dawa gani? Jibu letu haliwapendezi watu. Usipige dawa bado. Madoa mengi ya vayoleti zinazokuzwa majumbani hayana ugonjwa ndani yake. Ni majeraha ya maji, jua na chumvi. Ukipulizia dawa ya ukungu kwenye jani lililojeruhiwa na maji, hela imekwenda, manyoya ya jani yamejaa unga mweupe wa dawa, na kesho unamwagilia vilevile kama jana.

Basi tuanze na kutazama. Toa mche nje kwenye mwanga wa mchana, usiutazame chini ya taa. Anza na majani ya nje kabisa, ndiyo makongwe, uingie ndani mpaka majani machanga ya katikati, pale tunapopaita moyo wa mche. Kila jani ligeuze. Wengi hawaligeuzi, na nusu ya habari iko chini ya jani. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 inatosha. Usipokuwa nayo, kamera ya simu ikisogezwa karibu inafaa.

Umbo la doa husema mengi. Pete, nusu pete na mistari ya njano au nyeupe iliyopinda ni dalili ya maji. Doa la mviringo la kahawia lenye ukingo wa njano, ukungu. Doa lenye pembe, lililokatwa wima kana kwamba limepigiwa rula kwenye mishipa ya jani, hilo ni la minyoo. Doa la majimaji lisilo na mpaka, linaloteleza ukiligusa, ni uozo, na hapo usipoteze muda. Tazama pia ni majani gani yameathirika. Upande mmoja wa mche tu, ule unaoelekea dirisha, basi ni jua. Majani machanga peke yake yakiwa yamedumaa na kubanana, mtuhumiwa ni utitiri, virusi au chumvi.

Halafu kuna muda, na hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote. Piga picha ya jani kwa simu ukiwa umeweka rula pembeni. Baada ya siku tatu piga tena. Doa lililobaki na kipimo kilekile ni jeraha, halina kiumbe hai ndani yake. Lililokua ni kiumbe hai kinakula. Siku tatu hizo mche uwe umetengwa na wenzake, usiumwagilie kwa juu, wala usiutie mbolea.

Sasa tukae kidogo kwenye pete za maji, kwa kuwa ndizo zinazoongoza na ndizo zinazosingiziwa virusi. Chini kidogo ya ngozi ya juu ya jani kuna tabaka la seli zilizosimama wima, zimejaa kloroplasti, yaani zile chembe zinazolipa jani ukijani. Kila seli ina mfuko mkubwa wa maji yenye asidi. Jani la vayoleti likipoozwa ghafla, likashuka nyuzi 8 au 10 ndani ya sekunde chache, utando wa mfuko ule hupasuka, asidi humwagikia ndani ya seli na kloroplasti hufa. Ngozi ya juu hubaki nzima. Ndiyo maana ukilipapasa doa la maji hutahisi kovu wala shimo. Unaona tu weupe au unjano uliojificha chini ya ngozi, umechora mzingo wa tone au njia ya maji yalivyoteremka. Hutokea haraka, mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake.

Kinachoumiza ni tofauti ya joto kati ya jani na maji. Watu hutuambia, Tanga hapa baridi iko wapi? Lakini jani lililopigwa na jua la dirishani saa nane mchana mwezi wa Februari laweza kufika nyuzi 35 na zaidi. Maji ya friji yako kwenye nyuzi 5 au 6. Hata maji ya bomba lililofukiwa ardhini, yakimwagwa kwenye jani la moto namna hiyo, tofauti yake inatosha kuchora pete. Walioko Lushoto, kule milimani kwenye baridi, wana tatizo la aina nyingine: ndoo imelala nje usiku wa Julai, asubuhi mtu anamwagilia mche uliokaa ndani karibu na jiko. Mvua ya msituni hailiumizi jani hivyo, kwa kuwa jani la kivulini, hewa na tone la maji vimeshakaribiana joto.

Dawa yake haiuzwi dukani. Ndoo ya maji ilale chumba kimoja na mche. Mwagilia asubuhi, saa moja au saa mbili, kabla jua halijafika dirishani. Kama majani yamejaa vumbi na unataka kuyaosha, yaoshe kivulini kwa maji ya uvuguvugu, kisha mche ukae kivulini mpaka ukauke. Maji yakibaki kwenye moyo, yanyonye kwa kona ya kitambaa safi. Jani lenye pete halitarudi kuwa kijani. Zaidi ya nusu yake likiwa zima, liache lifanye kazi. Likichakaa zaidi, lisukume pembeni litoke na kikonyo chake chote. Kikonyo kilichoachwa nusu huoza, na uozo huo huingia shinani.

Namna iliyo salama zaidi ni kumwagilia kwa chini. Weka chungu kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2, ukiache dakika 20 hadi 30 mpaka udongo wa juu ubadilike rangi, kisha kitoe na umwage maji yaliyobaki. Wenye vyungu vingi hutumia utambi: uzi unapita kwenye tundu la chini, ncha moja kwenye udongo, nyingine kwenye kopo la maji. Utambi uwe wa nailoni. Wenye mashamba ya mkonge watuwie radhi, katani haifai kazi hii. Ikikaa kwenye unyevu huoza na kupeleka uozo mizizini. Pamba nayo ni hivyohivyo.

Jua tulipitie kwa jambo moja ambalo vitabu vya nje havitawaambia. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Tangu wiki ya pili ya Machi mpaka mwanzo wa Oktoba jua la mchana hutupita upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki hutupita kusini. Dirisha la kusini lililokuwa na kivuli kizuri mwezi Julai litaunguza majani Desemba, na mwenye mche ataapa kwamba hakuhamisha kitu. Kweli hakuhamisha, jua ndilo lililohama. Doa la jua huanza kama baka lililopauka kwenye mgongo wa jani, sehemu iliyoinuka kuelekea mwanga, kisha hukauka likawa la kahawia na jembamba kama karatasi. Halina ukingo wa njano na halisambai baada ya mche kuhamishwa. Kipimo chepesi ni mkono: unyooshe sentimita 30 juu ya majani wakati wa mchana. Kivuli chenye kingo kali kinamaanisha jua limezidi. Kivuli hafifu ndicho kinachotakiwa. Kwenye kitalu cha nje tumieni neti ya kivuli ya asilimia 80, si ile nyepesi ya mboga.

Chumvi ni jambo letu la pwani hasa. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvichumvi, na makumbi ya nazi, ambayo ni mali nzuri kwa kupandia, huja na chumvi yake. Ongeza mbolea, ongeza joto linalokausha maji na kuacha chumvi nyuma. Dalili ya kwanza ni ukoko mweupe au wa njano kwenye mdomo wa chungu. Ya pili, kikonyo cha jani kinacholalia mdomo ule huwa na baka la kahawia, kinanywea, na jani zima linalegea wakati lenyewe halina doa hata moja. Ya tatu ni vipunje vya rangi ya kutu kwenye manyoya ya majani machanga, moyo ukiwa umebana na majani yake yanakatika ukiyagusa. Hapo watu hudhani ni utitiri. Utitiri wa vayoleti ni mdogo mno, macho hayauoni, nao huacha moyo wa kijivu wenye manyoya mengi na majani yaliyojikunja. Vipunje vya kutu hauna.

Kuondoa chumvi ni kuosha udongo. Maji ya mvua ndiyo bora, na masika Tanga hatuna sababu ya kuyakosa. Chungu cha upana wa sentimita 10 kinachukua kama nusu lita ya udongo. Kipitishie lita moja na nusu ya maji, polepole, kwa awamu tatu, na kila awamu maji yachuruzike yote kabla ya inayofuata. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi. Makumbi mapya yaloweke usiku mzima, yakamue, badilisha maji, rudia mpaka mara tatu ndipo upandie. Mdomo wa chungu cha udongo uusugue kwa mshumaa ili nta izuie kikonyo kisiguse chumvi. Mbolea iwe ya kuyeyuka kwenye maji, ya NPK 20-20-20 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa), robo ya kijiko cha chai kwa lita 4 za maji, tena udongo ukiwa na unyevu tayari. Mbolea ya punje ya shambani, urea au CAN, msitie kwenye chungu cha vayoleti hata punje tatu. Tumeona miche ya kununua ghali ikiisha kwa mkono wa ukarimu.

Mpaka hapa hatujagusa ugonjwa. Sasa tuje kwenye madoa yanayokua.

La kawaida katika joto na unyevu wa pwani ni doa la ukungu wa Corynespora cassiicola, jamii ya ukungu unaojulikana pia kwenye mipapai, matango na nyanya. Huanza kama nukta ya milimita moja au mbili, ya kahawia, imezama kidogo. Inakuwa duara lenye ukingo wa njano, na madoa yakikutana jani hukauka vipande vipande. Linahitaji jani lililolowa kwa saa nyingi. Basi hatua ya kwanza ni kutoa majani yenye madoa, yote, na kuyafunga au kuyachoma. Ya pili, kutenganisha vyungu ili majani ya mche mmoja yasiguse ya mwingine. Ya tatu, hewa ipite, hata kwa feni ndogo. Mara nyingi hatua hizo tatu zinatosha. Madoa yakiendelea kutokea kwenye majani mapya, ndipo dawa ya ukungu ina kazi.

Ubwiri unga, ukungu mwingine, unatambulika kwa macho: vumbi jeupe juu ya majani, vikonyo na hata maua, linalofutika kwa kidole kisha kurudi. Ajabu yake hauhitaji jani kulowa. Unapenda hewa iliyotuama, mchana wa joto na usiku wa ubaridi, kwa hiyo Lushoto na Amani watauona zaidi kuliko Chumbageni hapa mjini. Soda ya kuumulia maandazi inasaidia: kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji ya joto la chumba, na matone mawili matatu ya sabuni ya maji ili ishike kwenye manyoya. Jaribu kwanza jani moja, ngoja siku mbili. Rudia kila wiki kwa wiki tatu, na usizidishe kipimo, kwa kuwa soda nayo ni chumvi.

Ukungu wa kijivu, Botrytis, huanzia kwenye maua yaliyonyauka. Ua likidondokea jani na kulala hapo likiwa na maji, baada ya siku chache chini yake pana doa la majimaji la kahawia, na asubuhi yenye unyevu utaona manyoya ya kijivu yakifuka kama moshi. Chuma maua yaliyochoka kabla hayajadondoka. Hilo likifanyika kila siku mbili, Botrytis hukosa pa kuanzia.

Uozo ni habari nyingine. Aina ya kwanza hutoka kwenye udongo uliotota: vimelea vya Pythium na Phytophthora hula mizizi na shina, mche unalegea ingawa udongo umelowa. Watu huona umelegea, wakaongeza maji, na mche ukafa kesho yake. Ung'oe uutazame: mzizi mzima ni mweupe na mgumu, uliooza ni wa kahawia na ganda lake linachomoka ukiuvuta kwa vidole viwili. Shina likiwa bado gumu juu, likate kwa kisu safi mpaka uone nyama ya kijani isiyo na kahawia, kisha lizalishe upya kama chipukizi. Aina ya pili ni bakteria, Dickeya chrysanthemi, na hii inapenda joto letu hasa, nyuzi 27 kwenda juu. Jani linakuwa la majimaji, jeusi, lina harufu mbaya, na mche mzima unaweza kwenda kwa siku mbili. Haina tiba. Mche, udongo na chochote kilichouhusu vinatoka nje kwa pamoja. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayeuonea huruma mche mmoja wa bakteria atapoteza meza nzima.

Chungu chake kikoshwe, kisha kilowekwe dakika 30 kwenye jiki sehemu moja na maji sehemu tisa, kisuuzwe vizuri na kianikwe juani. Kisu na mkasi vipanguswe kwa spiriti kati ya mche na mche, si mwisho wa kazi.

Minyoo ya majani inastahili jaribio, maana wengi hawaamini mpaka waione. Doa lake lina pembe, limezuiwa na mishipa, na huonekana kwanza upande wa chini kama baka la kahawia linalong'aa kidogo. Kata jani lenye doa vipande vya nusu sentimita, vitie kwenye glasi safi yenye maji kidogo, uache usiku kucha. Asubuhi inua glasi kwenye mwanga, tazama chini kwa lenzi: nyuzi nyembamba zisizofika milimita moja zikijipinda ndizo zenyewe. Huogelea kwenye maji yaliyo juu ya jani, kwa hiyo kumwagilia kwa juu kunazisambaza kutoka mche hadi mche. Mche wenye minyoo tunashauri utupwe, wala jani lake lisitumike kuzalishia.

Kuhusu virusi, vipo, na huletwa na vithiripi, wadudu wadogo wanaokula chavua. Virusi pia huchora pete, ndiyo sababu ya mkanganyiko tuliousema. Tofauti ni kwamba pete za virusi huendelea kutokea kwenye majani machanga ambayo hayajawahi kuguswa na maji, na mche unadumaa. Kama unashuku, tazama maua: chavua ya njano ikiwa imemwagika juu ya petali, vithiripi wamo, wamepasua vifuko vya chavua. Chuma maua na matumba yote, uendelee kuyachuma kwa wiki sita hadi nane, wakose chakula. Mche wenye virusi haupoi.

Tukubaliane sasa kwamba doa ni la ukungu, limekua kwa picha ya siku tatu, na usafi haujatosha. Nenda duka la pembejeo uombe kiuakuvu, yaani dawa ya ukungu, chenye mankozebu au klorothalonili, kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, kikiwa kwenye pakiti yake yenye kibandiko. Usikubali unga uliopimiwa kwenye karatasi. Mankozebu ya asilimia 80 kwa kawaida huchanganywa gramu 2 hadi 2.5 kwa lita, ila neno la mwisho ni la kibandiko. Dawa ya kopa, yaani yenye shaba, tunaiweka mbali na vayoleti kadiri inavyowezekana, kwani manyoya yake huishika na majani machanga huungua. Changanya kidogo: vyungu kumi havihitaji zaidi ya nusu lita, na pampu ya mgongoni ya lita 15 si chombo cha kazi hii, chupa ya kupulizia ya lita moja inatosha. Mchanganyiko uliobaki hautunzwi mpaka wiki ijayo.

Na maji ya kuchanganyia yawe ya joto la chumba. Hapa pamewaangusha wengi: mtu anachota maji ya baridi, anapulizia dawa mche uliokuwa juani, kesho yake majani yamejaa pete, anasema ugonjwa umezidi, anaongeza dozi. Pulizia jioni, kivulini, nje ya nyumba, ukiwa na glavu na barakoa, ukianzia chini ya majani. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, mara tatu. Mafanikio hayapimwi kwa madoa ya zamani, hayo yatabaki. Tazama majani mapya kama yametoka safi.

Udongo hatutauongelea sana, kwa sababu kila mtu ana mchanganyiko wake anaouamini. Wetu ni makumbi yaliyooshwa sehemu mbili, pumba za mpunga zilizochomwa sehemu moja, na mkaa uliopondwa au kokoto ndogo sehemu moja. Udongo wa shambani peke yake, hapana.

Mche mpya, hata uwe umetoka kwa muuzaji unayemwamini, ukae peke yake wiki nne. Na tafadhali, msiende kuchimba miche ya mwitu. Misitu ya Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Vayoleti za mwitu zimebaki kwenye maeneo madogo madogo, na miche yake ikiletwa kwenye joto la mjini haikai. Vilevile msirudishe miche ya bustani msituni kwa nia njema. Ukungu na minyoo tuliyoitaja itakwenda nayo, na huko hakuna wa kupiga dawa.

Anayetaka miche zaidi azalishe kwa jani. Chukua jani la safu ya kati, lisilo na doa, kutoka mche uliokaa salama wiki nne zile. Kata kikonyo kwa mshazari, ubakize sentimita 2 au 3, uliache nusu saa kidonda kikauke. Lichomeke kwenye pumba zilizochomwa zilizochanganywa na mchanga wa mtoni, kina cha sentimita moja na nusu tu, maana likizama zaidi huoza. Lifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kizibo kimefunguliwa, mahali penye mwanga usio na jua. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu au nne, vitoto huchomoza baada ya wiki nane hadi kumi na mbili. Vikifika ukubwa wa theluthi ya jani mama, vitenganishe kimoja kimoja, kila kimoja kwenye chungu cha sentimita 5, na mbolea msivitie mpaka vitoe jani jipya.